Injini ya Boti ya Bei Nafuu: Itategemeka kwa Mafuta Gani?

Somo kwa wavuvi na wamiliki wa vyombo vidogo, Bagamoyo na pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam

1. Swali linalosahaulika dukani

Anayekwenda kununua injini ya boti kwa kawaida huuliza mambo matatu: bei yake, nguvu zake na upatikanaji wa vipuri. Muuzaji huyajibu yote, kisha huitumbukiza injini katika pipa la maji na kuvuta kamba mara moja au mbili, nayo hunguruma. Mnunuzi huridhika, hulipa, na safari ya kurudi Bagamoyo huanza. Swali la nne halikuulizwa: je, injini hii itawaka, na itaendelea kuwaka, kwa mafuta yale ambayo mnunuzi huyapata kule anakovulia?

Swali hilo ni zito kuliko yote matatu. Mvuvi anayetoka Kaole, Mlingotini, Saadani au ufukwe wa mji wa Bagamoyo na kuingia katika mkondo wa Zanzibar hana mahali pa kusimama injini inapozima. Kusi au kaskazi ikivuma, nayo maji yakiwa yameshika kasi, chombo kisicho na nguvu huchukuliwa yanakokwenda maji. Injini inayokataa kuwaka mara moja katika mara hamsini ni kero ndogo tukiwa ufukweni. Usiku, mbali na nchi kavu, mara hiyo moja yaweza kugharimu roho za watu wote waliomo chomboni.

Katika somo hili tunaeleza namna mnunuzi wa kawaida anavyoweza kuipima injini yake mwenyewe, bila maabara wala vifaa vya gharama, kabla hajaikabidhi maisha yake na kabla muda wa dhamana haujakwisha. Tunazungumzia injini ndogo za kupachika nyuma ya chombo, zile ambazo wavuvi wengi huziita mashine, na hasa zile za mipigo miwili, ambazo huchoma petroli iliyochanganywa na oili. Kanuni zenyewe, hata hivyo, zinafaa pia kwa jenereta, pampu ya kumwagilia na pikipiki.

Bei nafuu si kosa. Zipo injini za bei ya chini zinazofanya kazi kwa miaka mingi, na zipo za bei kubwa zilizoharibika upesi kwa kutotunzwa. Jambo tunalotaka msomaji alishike ni hili: injini haitegemeki peke yake. Kinachotegemeka, au kisichotegemeka, ni injini pamoja na mafuta inayolishwa. Anayepima kimoja bila kingine hajapima.

2. Funzo kutoka kwenye bunduki

Kisa mashuhuri kinachothibitisha jambo hili hakitoki baharini bali kwenye silaha. Tunakitaja kwa sababu bunduki na injini zinafanana katika msingi wao: zote mbili hulishwa kitu kinachowaka, na zote mbili zinatakiwa kurudia kazi ileile maelfu ya mara bila kukwama.

Katika miaka ya 1960 jeshi la Marekani lilichukua bunduki mpya nyepesi iliyoitwa M16. Bunduki hiyo ilikuwa imeundwa na kujaribiwa kwa risasi zenye baruti ya aina moja. Baadaye, kabla ya kusambazwa kwa wingi katika vita vya Vietnam, risasi zilianza kujazwa baruti ya aina nyingine. Baruti hiyo mpya iliongeza kasi ya ufyatuaji na kuacha masizi mengi zaidi ndani ya mitambo. Wakati huohuo askari wengi hawakupewa vifaa vya kutosha vya kusafishia, na chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa, haikuwa imepakwa kromu ya kuizuia kutu katika nchi yenye joto na unyevu. Matokeo yake, maganda ya risasi yaling'ang'ania ndani ya chemba na bunduki zikakwama katikati ya mapigano. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge la Marekani, iliyoongozwa na mbunge Richard Ichord, ilichunguza suala hilo na kulaumu vikali namna lilivyoendeshwa. Baadaye chemba zilipakwa kromu, mitambo ikarekebishwa, na askari wakapewa vifaa na mafunzo ya usafishaji. Bunduki hiyo ikaendelea kutumika kwa miongo mingi.

Mtu anaweza kuuliza: je, bunduki ilikuwa mbovu, au baruti ilikuwa mbovu? Swali lenyewe limekosea njia. Bunduki ilifaulu kwa risasi ilizojaribiwa nazo, na baruti ile ilikuwa ikitumika katika silaha nyingine. Ubaya ulikuwa katika kuziweka pamoja, katika mazingira ya unyevu, bila kuzipima pamoja. Ndivyo ilivyo kwa injini iliyowaka vizuri katika pipa la dukani kwa petroli safi ya muuzaji, kisha ikapelekwa pwani kulishwa mafuta ya dumu, oili ya pikipiki na maji yenye tope la mdomo wa mto Ruvu.

3. Mafuta si kitu kimoja

Kwa jicho, petroli zote hufanana. Kwa injini, zinatofautiana kwa mambo manne.

La kwanza ni kuchakachuliwa. Kwa muda mrefu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko petroli na dizeli, na tofauti hiyo ya bei iliwashawishi wafanyabiashara wasio waaminifu kuyachanganya. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta yanayouzwa nchini ili mchanganyiko utambulike, na katika bajeti ya 2011/2012 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kupunguza kishawishi hicho. Utaratibu huo hulinda mafuta yanayouzwa katika vituo vilivyosajiliwa. Haumfuati mtu anayeyahamisha mafuta kutoka dumu hadi dumu kijijini. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa huwaka kwa taabu injini inapokuwa baridi, hutoa moshi, huchafua plagi na kuifanya injini igonge inapobeba mzigo. Zipo injini zilizoundwa makusudi kutumia mafuta ya taa baada ya kuwashwa kwa petroli, lakini hilo huandikwa wazi katika kitabu chake. Isipoandikwa, usidhani.

La pili ni maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini ya tangi au dumu, pale hasa mrija wa kunyonya unapofika. Huingia kwa mvua, kwa mawimbi, kwa mikono iliyolowa, na hata kwa ubaridi wa usiku unaogeuza unyevu ulio ndani ya dumu lisilojaa kuwa matone. Chombo kikitulia ufukweni, maji hayo hayasumbui. Chombo kikianza kurukaruka baharini, maji na uchafu huvurugika na kuingia katika kabureta. Ndiyo maana injini nyingi huwaka vizuri ufukweni na kuzima mawimbi yanapoanza.

La tatu ni oili na kipimo chake. Injini ya mipigo miwili haina hazina yake ya oili ya kulainisha, hulainishwa na oili iliyomo katika petroli. Oili inayofaa kwa injini za boti zinazopoozwa kwa maji huwa na alama TC-W3 kwenye kopo. Oili ya pikipiki ya mipigo miwili imekusudiwa injini inayopoozwa kwa hewa, na oili ya injini ya gari haifai kabisa. Kipimo hutegemea kitabu cha injini. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 20 za petroli huhitaji mililita 400 za oili. Kwa uwiano wa 25 kwa 1, ambao huelekezwa kwa injini nyingi zikiwa mpya, lita hizohizo huhitaji mililita 800. Anayepima kwa chupa yoyote iliyo karibu hubadili uwiano bila kujua: chupa ya nusu lita katika lita 20 ni 40 kwa 1, na chupa ya mililita 300 ni karibu 67 kwa 1. Oili ikizidi, plagi huchafuka. Ikipungua, pistoni hukwama, na huo huwa mwisho wa injini.

La nne ni umri. Petroli iliyokaa miezi kadhaa katika dumu lisilofungwa vizuri hupoteza sehemu zake nyepesi, zile zinazosaidia kuwaka, na huacha utando wa gundi katika vitundu vidogo vya kabureta. Mafuta yaliyobaki tangu msimu uliopita si akiba nzuri ya kuanzia msimu mpya.

Vipimo viwili rahisi humsaidia mnunuzi. Kwa maji: jaza chupa safi ya kioo isiyo na rangi, ifunge, iache itulie kwa nusu saa kivulini. Maji yakiwamo, yataonekana chini kama tabaka au matone yanayoteleza. Kwa mafuta ya taa: dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe kabla hujaichanganya na oili. Petroli safi hukauka baada ya dakika chache bila kuacha doa la mafuta, ilhali yenye mafuta ya taa huchelewa kukauka na huacha doa. Kipimo cha karatasi hutoa dalili tu, si ushahidi wa kumshtaki mtu. Vyote viwili vifanyike nje, mbali na moto na sigara, wala petroli isivutwe kwa mdomo.

4. Jinsi ya kufanya jaribio

Jaribio zuri lina sharti moja kuu: badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili mafuta, oili na plagi siku moja, na injini ikapona, hutajua kilichoiponya. Ikirudia kuugua, utaanza upya.

Kwanza, amua mapema kinachohesabika kuwa hitilafu. Tunapendekeza mambo manne: injini kutowaka baada ya mivuto mitano ya kamba, injini kuzima yenyewe, injini kupoteza nguvu ghafla huku mkono wa mafuta haujaguswa, na maji ya kupoozea kuacha kutoka. Kila moja iandikwe, hata kama ilidumu kwa dakika moja na injini ikapona yenyewe. Mazoea ya kusema "ni mafuta tu" au "ilikuwa imelala" ndiyo huficha ubovu mpaka siku ya hatari.

Pili, anza kwa mafuta bora unayoweza kuyapata: petroli kutoka kituo kilichosajiliwa, kwa risiti, na oili yenye alama sahihi, kwa kipimo cha kitabu. Haya ndiyo mafuta ya rejea. Injini isiyotegemeka kwa mafuta haya haitategemeka kwa mengine yoyote, na hapo huna haja ya kuendelea. Irudishe.

Tatu, pitia hatua tatu za mahali. Ya kwanza ni ndani ya pipa la maji au maji ya kina kifupi, kwa sababu injini hizi hazipaswi kuwashwa pakavu: pampu ya maji huharibika kwa muda mfupi mno. Ya pili ni karibu na ufukwe, ambapo unaweza kurudi kwa kasia. Ya tatu ni baharini, mchana, ukiandamana na chombo kingine chenye injini inayoaminika. Usiruke hatua.

Nne, katika kila hatua jaribu hali ambazo injini itakutana nazo kazini:

• Kuiwasha ikiwa baridi, asubuhi, baada ya kulala usiku kucha.
• Kuiwasha ikiwa moto, dakika kumi baada ya kuizima. Injini nyingi hukataa hapa, na hapa ndipo mvuvi anapoihitaji baada ya kutega.
• Kuiacha ingurume polepole kwa robo saa, kama wakati wa kumwaga wavu, kisha kuipa nguvu zote ghafla.
• Kuiendesha kwa nguvu kubwa kwa muda mrefu ikiwa imebeba mzigo wa kawaida, baada ya kumaliza kipindi cha kuizoesha kilichoelekezwa na kitabu.
• Kuiendesha tangi likiwa limebaki robo, maji ya bahari yakiwa na mawimbi kiasi.

Tano, injini ikifaulu kwa mafuta ya rejea, rudia hatua hizo kwa mafuta mengine halali ambayo kwa kweli utalazimika kuyatumia: ya kituo kingine, au ya muuzaji unayemtegemea unapolala kambi mbali na mji. Usiweke kwa makusudi mafuta unayojua kuwa yana maji au yamechakachuliwa. Kufanya hivyo huharibu injini na kumpa muuzaji sababu ya kukataa dhamana. Lengo letu ni kujua injini inavyofanya kwa mafuta ya maisha ya kila siku, si kuitesa.

Kila safari iandikwe katika daftari lenye nafasi za tarehe, mahali mafuta yaliponunuliwa, aina na kipimo cha oili, idadi ya mara injini ilipowashwa, saa ilizofanya kazi, hitilafu na hali ya bahari. Nahodha asiye na muda wa kuandika amkabidhi kazi hiyo kijana mmoja wa chombo. Mistari miwili kwa siku inatosha.

5. Mara ngapi zinatosha?

Wengi huridhika injini ikiwaka mara kumi mfululizo. Hesabu haikubaliani nao. Wataalamu wa takwimu hutumia kanuni nyepesi iitwayo kanuni ya tatu: kitu kikifaulu mara zote ulizokijaribu, gawa 3 kwa idadi ya majaribio, na jibu ni kiwango cha juu cha ubovu ambacho bado kinaweza kuwa kimejificha. Kanuni hiyo ina uhakika wa takribani asilimia 95.

Hivyo injini iliyowaka mara 10 bila kosa bado yaweza kuwa injini inayokataa mara 3 katika kila 10. Iliyowaka mara 30 bila kosa yaweza kukataa mara 1 katika 10. Iliyowaka mara 100 bila kosa yaweza kukataa mara 3 katika 100. Kufika mara 1 katika 100 unahitaji majaribio 300 yasiyo na doa. Mivuto miwili ya dukani, kwa hesabu hii, haithibitishi chochote isipokuwa kwamba injini si ya mapambo.

Idadi hizo zisimtishe msomaji. Chombo kinachotoka mara 25 kwa mwezi, kikiwasha injini mara 4 kila safari, hufikisha mara 100 kwa mwezi mmoja. Kazi yenyewe ndiyo jaribio, mradi ianzie karibu na nchi kavu na mradi iandikwe. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba miezi ya kwanza ya dhamana isipite bila kazi. Anayenunua injini mwishoni mwa msimu na kuiweka stoo kwa miezi mitatu amempa muuzaji zawadi ya miezi mitatu.

6. Kusoma daftari

Chukua mfano huu wa kubuni. Baada ya mwezi mmoja daftari la kwanza linaonyesha kwamba kwa mafuta ya rejea injini iliwashwa mara 60 na hitilafu ilikuwa 1. Kwa mafuta ya dumu iliwashwa mara 20 na hitilafu zilikuwa 6. Daftari la pili, la injini nyingine, linaonyesha hitilafu 6 katika mara 60 za mafuta ya rejea na hitilafu 2 katika mara 20 za mafuta ya dumu.

Wamiliki wote wawili watasema kwamba injini zao zinasumbua. Lakini daftari hutenganisha maradhi yao. Injini ya kwanza hufanya kazi kwa mafuta mazuri na kugoma kwa mengine, kwa hiyo tatizo liko kwenye dumu, au kwenye uwezo mdogo wa injini kuvumilia mafuta hafifu. Kabla ya kuhukumu, arudi kwenye mafuta ya rejea kwa wiki moja. Hitilafu zikikoma, amepata jibu. Zikiendelea, huenda kabureta au plagi imekwisha kuchafuka na inahitaji kusafishwa kwanza. Suluhisho lake laweza kuwa rahisi: chujio lenye kikombe cha kutenganisha maji, dumu safi linalojazwa hadi juu, na kubadili mahali pa kununulia.

Injini ya pili hugoma mara 1 katika 10 kwa mafuta yote. Hapo mafuta hayana kosa, na mwenye injini hana sababu ya kuendelea kubadili vituo na oili akitafuta dawa. Ana injini isiyofaa kwa kazi yake, na ana ushahidi wa kuirudisha.

Iwapo huwezi kutambua sehemu yenye kasoro, tafuta fundi mwenye mafunzo. Wakazi wa Bagamoyo wana bahati ya kuwa jirani na chuo cha uvuvi cha Mbegani, hivyo si vigumu kumpata mtu aliyesomea kazi hiyo. Mwombe aandike alichokiona. Maneno ya fundi yakibaki mdomoni hayafiki mbali.

7. Haki zako, na namna ya kuzitunza

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi kinga ambayo wengi hawaijui. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi atakayoifanya kwa bidhaa, akaonyesha kwamba anategemea ujuzi wa muuzaji huyo, na bidhaa hiyo ikawa ya aina anayoiuza katika biashara yake, sheria huchukulia kwamba muuzaji ameahidi bidhaa itafaa kwa kazi hiyo, hata kama hakutamka ahadi. Anayetaja tu jina la chapa, akalipa na kuondoka, hujinyima sehemu ya kinga hiyo.

Kwa hiyo usiseme tu, "Nipe hiyo ya farasi 15." Sema: "Bwana, nina boti ya kuvulia Bagamoyo. Tunatoka usiku, maji ya chumvi, na mafuta tunachanganya wenyewe. Ipi itanifaa, na nitumie oili gani?" Kisha omba jibu liandikwe nyuma ya risiti au katika fomu ya dhamana. Muuzaji mwaminifu hatakataa kuandika analolisema. Anayekataa amekupa jibu.

Dai risiti ya kielektroniki yenye jina la bidhaa, na uandike namba ya injini. Soma dhamana kabla ya kulipa: inadumu kwa muda gani, inahusu sehemu zipi, nani hulipia usafiri wa kuirudisha, na ni mafuta au oili gani inayoibatilisha. Hapa risiti za mafuta na makopo ya oili ulivyovihifadhi huwa na thamani, kwani utetezi wa kwanza wa muuzaji karibu siku zote huwa kwamba mteja alitumia mafuta mabaya. Mwenye daftari na risiti hujibu utetezi huo kwa ukurasa mmoja.

Ikiwa umedanganywa kuhusu ubora, asili au uwezo wa injini, au umeuziwa bidhaa bandia yenye nembo ya kughushi, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 na kupambana na bidhaa bandia. Mashaka juu ya ubora wa oili au vipuri yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania. Mashaka juu ya mafuta ya kituo yapelekwe EWURA, yakitaja kituo, tarehe na saa, pamoja na risiti. Anza daima kwa kumwandikia muuzaji na kumpa muda wa kujibu, na ubaki na nakala.

8. Mambo ya kukumbuka

Jaribio halimwondolei baharia wajibu wa tahadhari. Hata injini iliyofaulu mara 300 inaweza kuzima mara ya 301. Chombo kiwe na maboya ya kuokolea ya kumtosha kila mtu, makasia au tanga, nanga yenye kamba ndefu, plagi ya akiba na spana yake, tochi, na simu iliyofungwa katika mfuko usioingiza maji. Mtu wa nchi kavu ajue mlikoelekea na saa ya kurudi.

Kwa muhtasari:

• Nunua injini kwa kueleza kazi yake, si kwa kutaja jina lake tu.
• Ipime kwanza kwa mafuta bora, kisha kwa mafuta utakayoyatumia kweli.
• Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja.
• Amua mapema hitilafu ni nini, na uandike kila moja.
• Usiridhike na mara kumi. Lenga mara mia, ukianzia karibu na ufukwe.
• Fanya yote hayo kabla dhamana haijakwisha.
• Hifadhi risiti za injini, za mafuta na za oili mahali pamoja na daftari.

Pipa la dukani lina maji matulivu na petroli ya muuzaji. Bahari ya Bagamoyo haina hivyo viwili. Injini yako ijulikane kwanza katika hali unayoiweza, ili isije ikajitambulisha kwako katika hali usiyoiweza.